Meza inapanda, mchongo unafifia: kulinda fokasi kwenye mchongo wa kina

Swali la msomaji: "Nina mashine ya leza ya CO2 yenye lenzi ya milimita 50.8. Nachonga maandishi na nakshi kwenye mbao ngumu, kina cha milimita 6, kwa raundi nyingi. Raundi mbili tatu za mwanzo hutoka safi. Baada ya hapo kuta zinapata masizi, herufi ndogo zinajifumba, na shimo haliendelei kwenda chini hata nikirudia. Niliambiwa tatizo ni fokasi, nikafunga meza inayopanda kwa mota na kuiagiza ipande milimita 1 kila baada ya raundi. Hali imekuwa mbaya kuliko mwanzo. Nimekosea wapi?"

Ndugu yangu, aliyekwambia tatizo ni fokasi alisema kweli, na kufunga meza ulifanya jambo la maana. Ulipokosea ni kwenye ile milimita 1. Meza haichongi, kazi yake ni kufuata kile ambacho leza imeshakila. Ukiiambia ipande milimita 1 wakati leza imekula milimita 0.6, umeitanguliza mbele ya kazi, na kila raundi inazidi kuiacha kazi nyuma.

Tufanye hesabu yenyewe, maana hapa ndipo kiini cha jambo kilipo. Mwale wa leza ukishapita kwenye lenzi hausongi mpaka ukawa nukta isiyo na upana. Unasinyaa hadi mahali fulani, unakuwa na kiuno cha nyigu, na hapo ndipo fokasi ilipo, kisha unaanza kutanuka tena. Kwa mwale wa CO2, wenye urefu wa wimbi wa mikromita 10.6, ukiingia kwenye lenzi yako ukiwa na kipenyo cha milimita 6 na ubora mzuri, kile kiuno kinakuwa na upana wa karibu milimita 0.11. Ukitoka pale kwenye kiuno, kwa juu au kwa chini, umbali wa karibu milimita 1, eneo la nukta ya mwanga linakuwa mara mbili, na nguvu inayoangukia kila sehemu ya eneo hilo inabaki nusu. Umbali huo wanafizikia huuita masafa ya Rayleigh. Ukitoka milimita 2, eneo linakuwa mara tano na zaidi kidogo. Ukitoka milimita 3, linapita mara kumi.

Sasa rudi kwenye mchongo wako. Bila meza, raundi tano za milimita 0.6 zinapeleka sakafu ya shimo milimita 3 chini ya kiuno: nguvu iliyobaki kwa eneo haifiki hata sehemu moja ya kumi. Mbao hazigeuki mvuke kwa nguvu hiyo, zinaungua tu. Ndiyo maana uliona masizi. Ulipofunga meza na kuiagiza milimita 1, baada ya raundi tano meza imepanda 5 na sakafu imeshuka 3. Kiuno cha mwale sasa kiko milimita 2 ndani ya mbao ambazo bado hazijachongwa. Umekosa fokasi kwa upande wa pili. Na kuna ubaya zaidi: fokasi ikianza kupotea, leza inakula kidogo kuliko 0.6, lakini meza haijui hilo, inapanda 1 ileile. Pengo linajilisha lenyewe. Kwa hiyo uliona haraka sana matokeo mabaya kuliko ulipokuwa huna meza, na hukukosea kuona hivyo.

Hiyo 0.6 nimeikisia kutokana na ulivyoeleza. Yako huenda ni 0.4 au 0.8. Usipige ramli, pima. Chukua kipande cha ubao uleule utakaoutumia, si cha aina inayofanana. Chonga mraba wa milimita 20 kwa nguvu, mwendo na nafasi ya mistari ileile ya kazi halisi, raundi moja. Pembeni yake chonga mraba wa pili kwa raundi mbili, na wa tatu kwa raundi tatu, meza ikiwa imetulia. Piga mswaki laini kuondoa makaa yaliyolegea, kisha tumia kile kijiti cha kupimia kina kwenye mkia wa kalipa (kifaa cha kupimia unene na kina kwa usahihi), sehemu nne au tano za kila mraba. Usipime kwenye makaa, utapata kina cha uongo. Kwenye mbao zenye pete za ukuaji zinazoonekana wazi utakuta sehemu laini imeliwa zaidi kuliko mistari migumu. Chukua wastani, na uandike pia tofauti iliyopo, kwa sababu hiyo tofauti ni kosa la fokasi ambalo hakuna meza itakayoliondoa.

Huo mraba wa raundi tatu ndio ninaoutazama kwa makini zaidi. Kama raundi moja imekula 0.6 na raundi tatu zimekula 1.8, sawa. Kama raundi tatu zimekula 1.4, umeshaiona fokasi ikikukimbia kwa macho yako.

Sambamba na hilo, pima masafa ya lenzi yako mwenyewe, kwa sababu hesabu niliyokupa inadhani mwale wa milimita 6 na lenzi safi. Weka ubao wenye urefu wa milimita 200, ncha moja ikalie kipande cha milimita 10, ili kila milimita 20 za ubao ziwe na kimo cha milimita 1. Rekebisha meza ili katikati ya ubao ndipo pawe kwenye fokasi. Piga mstari mmoja kwa nguvu ndogo toka ncha hadi ncha. Mstari utaanza mpana, utasinyaa, utatanuka tena. Mahali palipo pembamba kabisa ndipo fokasi yako ya kweli, na mara nyingi pana tofauti ya nusu milimita na kile kibao cha kupimia kilichokuja na mashine. Pima pia urefu wa sehemu ambayo macho yako hayaoni tofauti ya unene. Ukigawa urefu huo kwa 20 unapata dirisha la kufanyia kazi, kwa milimita. Dirisha hilo likiwa dogo sana kuliko nilivyosema, safisha lenzi na vioo kabla ya kulaumu kitu kingine.

Ukishakuwa na namba hizo mbili, yaani kina cha raundi moja na upana wa dirisha, jibu la "niipandishe kiasi gani" linajitokeza. Mimi hupenda kosa la fokasi lisizidi nusu ya masafa ya Rayleigh. Kwa lenzi yako hiyo ni kama milimita 0.5 juu au chini, na hapo nguvu kwa eneo inakuwa bado karibu asilimia 80. Kama raundi inakula 0.6, pandisha 0.6 kila raundi, basi. Lakini kama unachonga polepole, tuseme 0.25 kwa raundi, hakuna sababu ya kuisumbua meza kila mara. Chonga raundi mbili kisha pandisha 0.5. Kila meza inapotembea kuna uwezekano mdogo wa kuyumba pembeni, na mchongo wa kina unayakusanya makosa hayo kwenye kuta. Safari chache, kuta safi.

Raundi ya kwanza iache fokasi ikae juu kabisa ya uso wa mbao. Wapo wanaoizamisha tangu mwanzo ili kuokoa safari za meza, na kwa sakafu ya shimo hawakosei. Lakini raundi ya kwanza ndiyo inayochora mdomo wa mchongo, na mdomo ndio jicho la mtazamaji linapotua. Mimi siuzi ukali wa kingo kwa ajili ya kuokoa sekunde chache.

Katikati ya kazi, simamisha mashine na upime tena. Ukifika kwenye kina unachodhani ni milimita 3, ingiza kijiti cha kalipa shimoni bila kuusogeza ubao. Ukikuta 2.7, shusha meza 0.3 ndipo uendelee. Ni dakika moja tu, na inalizuia lile pengo lisijilishe.

Sasa nije kwenye herufi ndogo zinazojifumba, kwa sababu hapo meza pekee haitakusaidia. Mwale unashuka kama koni. Kiuno chake kikiwa kwenye sakafu ya shimo la milimita 6, pale juu mdomoni mwale huo una upana wa karibu milimita 0.7. Kama mstari wa herufi yako una upana wa milimita 0.5, kingo za juu zinaukata mwale kabla haujafika chini. Nguvu inayokatwa haipotei hewani. Inaunguza kuta, na nguvu pungufu ndiyo inayofika sakafuni. Unaweza kuwa na fokasi kamili na bado herufi ikajifumba. Kwa kina cha milimita 6 na lenzi hiyo, nisingechora mstari mwembamba kuliko milimita 1. Herufi nyembamba zipe kina chake, milimita 2 zinatosha. Kivuli chake machoni kinaonekana vizuri.

Au badilisha lenzi. Lenzi ya milimita 101.6 inatoa nukta pana zaidi, kama milimita 0.23, lakini masafa yake yanakwenda kwa mraba wa urefu wa fokasi: ukizidisha urefu mara mbili, masafa yanazidi mara nne, karibu milimita 3.9 kila upande. Na koni yake kwenye mdomo wa shimo lilelile ina upana wa kama milimita 0.4 tu. Kwa nakshi nene zisizo na vinyweleo, lenzi hiyo ikiwekwa fokasi milimita 3 ndani ya mbao inaweza kumaliza kina chote cha milimita 6 bila meza kusogea, na mwishoni kabisa bado ina karibu asilimia 60 ya nguvu yake kwa eneo. Gharama yake ni kwamba hata kwenye fokasi kamili, nguvu kwa eneo ni robo ya lenzi fupi, kwa hiyo itakubidi upunguze mwendo. Kwa maoni yangu, watu wengi wanaofunga meza ya mota wangeanza na lenzi ndefu, kisha meza ikawa nyongeza.

Kuna hatari moja ambayo hukuitaja na naomba uitazame leo kabla ya kazi nyingine. Meza inapopanda milimita 6, uso wa ubao nao unapanda milimita 6. Nozeli, ile ncha inayopuliza hewa chini ya lenzi, haiingii ndani ya mchongo. Ni pana kuliko mchongo. Kama ncha ya nozeli iko milimita 5 juu ya mbao wakati wa kuanza, kufika raundi ya tisa au kumi itakuwa inasugua uso wa ubao, au itaugonga na kuuhamisha. Niliwahi kuharibu nozeli na kuhamisha kioo cha tatu, kile kinacholeta mwale kwenye lenzi, kwa njia hiyohiyo, ubao ukiwa umebakiza raundi mbili. Kabla ya kubonyeza kitufe, jumlisha safari zote za meza, ongeza kupinda kwa ubao, ongeza milimita 2 za usalama, halafu linganisha na nafasi iliyopo chini ya nozeli. Hesabia na vibanio pia: vinapanda pamoja na meza, na kwa kawaida ndivyo virefu kuliko ubao. Nafasi isipotosha, tumia nozeli fupi au lenzi ndefu. Usipunguze safari za meza ili itoshe, maana hapo umerudi kwenye masizi.

Upande wa mashine, mambo mawili ndiyo yanayonipa wasiwasi kwenye meza za kujifungia wenyewe. La kwanza ni skrubu. Nyingi ni za kipenyo cha milimita 8, na zinafanana kwa macho, lakini moja inapandisha milimita 8 kwa mzunguko na nyingine milimita 2. Ile ya milimita 8 ina mteremko mkali: umeme ukikatika kwenye mota, uzito wa meza unaweza kuizungusha skrubu na meza ikashuka yenyewe. Ile ya milimita 2 inajifunga. Kwa kazi hii chagua ya milimita 2, mwendo wake wa polepole haukupunguzii chochote. Mota ya hatua 200 kwa mzunguko, kila hatua ikigawanywa mara 16, inakupa hatua 1600 kwa milimita kwa skrubu hiyo, na 400 kwa ile ya milimita 8. Namba hiyo ndiyo unayoiingiza kwenye kidhibiti. Kwenye GRBL, programu inayoendesha vidhibiti vingi vya aina hii, ni mpangilio wa $102. Baada ya kuiingiza, agiza meza ipande milimita 20 na upime kwa kalipa. Nimeona watu wakihangaika wiki nzima na fokasi kumbe meza inapanda robo ya wanachoagiza, kisa skrubu ni ile nyingine.

Pia chagua safari zinazogawanyika kwa hatua kamili za mota: 0.01 kwa skrubu ya milimita 2, 0.04 kwa ya milimita 8. Vigawanyo vya hatua vinalainisha mwendo, lakini chini ya mzigo havisimami kwa usahihi uleule. Na ukitaka kushusha meza kidogo, ishushe kupita kituo kwa nusu milimita kisha ipandishe hadi kituoni, ili nati ikae upande uleule wa meno ya skrubu kila mara.

La pili ni unyoofu, na hili ndilo linaloharibu michongo ya kina kimyakimya. Mwale usiposhuka wima kabisa, au meza isipopanda wima kabisa, kila safari inasogeza picha pembeni. Mwale uliopinda digrii 1 unahama karibu milimita 0.17 kwa kila milimita 10 za kupanda. Kwa milimita 6 ni kama 0.1, karibu unene mzima wa nukta yako ya mwanga. Ukuta mmoja utakuwa na ngazi ndogondogo na ule wa mkabala utalala. Jaribio lake ni rahisi: bandika karatasi juu ya ubao, piga nukta moja ya nguvu ndogo, pandisha meza milimita 10, piga tena bila kusogeza kichwa. Nukta ya pili itakuwa na upana tofauti, lakini kitovu chake kinapaswa kuangukia palepale. Kisipoangukia, rekebisha vioo kwanza. Vioo vikiwa sawa na nukta bado inahama, basi meza yenyewe inayumba kwenye skrubu. Mwisho, angalia kama meza inalala sawasawa: weka kibao chako cha fokasi kwenye kona nne. Kona moja ikiwa chini milimita 0.5, kona hiyo ya ubao wako iko ukingoni mwa dirisha kabla hata hujaanza.

Kwenye programu, tafuta sehemu ya kuweka kiasi cha kusogea kwa kila raundi, na uhakikishe alama ya kujumlisha au kutoa. Kwa mashine fulani namba chanya inapandisha meza, kwa nyingine inaishusha. Jaribu leza ikiwa imezimwa, bila ubao, mkono ukiwa karibu na kitufe cha dharura.

Kama siku moja utachonga picha zenye mwinuko wa taratibu, nyuso au milima, usizichonge zote kwa raundi moja ya nguvu inayobadilika. Sehemu za kina zitakuwa nje ya fokasi wakati sehemu za juu ziko ndani, na meza haiwezi kukimbizana na kila nukta ya picha. Kata picha kuwa matabaka, unene wa tabaka ukiwa sawa na kina cha raundi moja ulichokipima, kisha meza ipande tabaka kwa tabaka. Hesabu ni ileile. Hata kwa chuma na leza ya nyuzi yenye vioo vinavyotikisika ni ileile, isipokuwa huko raundi moja inakula mikromita chache hadi makumi, kwa hiyo meza inapanda baada ya raundi nyingi, na kati ya safari hupitishwa raundi nyepesi ya haraka kusafisha takataka zilizoyeyuka.

Kwa mbao, usafi ni wa namna nyingine. Jivu na makaa sakafuni vinameza mwanga kabla haujafika kwenye mbao nzima, kwa hiyo kila raundi tatu au nne simamisha, fyonza, piga mswaki. Ubao ubanwe kwa nguvu hadi mswaki usiweze kuusogeza. Hewa ya nozeli iwe ya kutosha kupeperusha moshi nje ya shimo. Kadiri shimo linavyokwenda chini ndivyo moshi unavyokaa. Na usiondoke. Raundi ya kumi si sawa na ya kwanza: ubao umeshapata joto, makaa yapo, hewa inapuliza. Moto ukianza, utaanza hapo.

Ukishafika milimita 6, sakafu itakuwa na mistari ya mwendo wa kichwa. Hapo ndipo ninapoitoa fokasi kwa makusudi: shusha meza milimita 2, punguza nguvu, ongeza mwendo, na upitishe raundi moja ya mwisho kwa mistari inayokatiza ile ya mwanzo. Mwale mpana utalainisha matuta bila kuchimba. Jaribu kwanza kwenye ule mraba wa raundi tatu uliokwisha kuupima.